Kuskani negativu za nyeusi na nyeupe nyumbani: unachoskani ni madini, sio rangi

Mtu anapata negativu zake za nyeusi na nyeupe, anaziweka kwenye skana, anawasha kila kitu ambacho programu inampa, kuondoa vumbi, kunoa picha, kurekebisha mwanga otomatiki, anabonyeza skani, afu picha inatoka na mabaka ya ajabu, nyuso zimeyeyuka kama nta, vivuli vyeusi tii na chembechembe kama mchanga umemwagwa juu ya picha. Hapo wengi wanailaumu filamu, wengine wanaanza kutafuta skana ya bei kubwa zaidi. Mara nyingi filamu haina kosa lolote na skana pia ni nzima. Shida ni kwamba hizi mashine na programu zake zimetengenezwa zikimfikiria mtu wa filamu ya rangi, na filamu ya nyeusi na nyeupe sio filamu ya rangi iliyokosa rangi, ni kitu kingine kabisa.

Naanzia hapo kwa sababu ukishalielewa hili, setingi nyingi zinazosumbua watu zinajieleza zenyewe. Filamu zote mbili zinaanza na chumvi za madini ya fedha (fedha ile ya pete na bangili, sio ya kununulia vitu) zilizochanganywa kwenye tabaka la jelatini. Ukisafisha filamu ya rangi, fedha inafanya kazi yake ya kutengeneza rangi halafu inaondolewa yote kwa dawa, kinachobaki ni wino tu, wino laini unaopitisha mwanga kama kioo cha rangi. Kwenye nyeusi na nyeupe fedha haiondoki. Zile sehemu nyeusi unazoziona kwenye negativu ni vipande vidogo sana vya madini vimekaa ndani ya jelatini, na picha yako ni kivuli cha hayo madini.

Sasa chukua ile huduma ya kuondoa vumbi, ambayo kwenye skana nyingi inaitwa Digital ICE au jina linalofanana na hilo. Inafanya kazi hivi: skana inapitisha mwanga wa kawaida, halafu inapitisha tena mwanga wa infraredi ambao jicho halioni. Wino wa filamu ya rangi unaupitisha infraredi karibu wote, ila vumbi na mikwaruzo vinauzuia, kwahiyo mashine inapata ramani safi ya uchafu na inajaza zile sehemu kwa kuangalia majirani zake. Akili nzuri sana kwa kweli. Ila fedha inazuia infraredi kama inavyozuia mwanga mwingine wowote, kwahiyo mashine ikiangalia negativu ya nyeusi na nyeupe inaona picha nzima ni uchafu, inaanza kuziba nyusi, kola za mashati, majani ya miti, na ndo yale mabaka na nyuso za nta. Hakuna setingi ya kati itakayookoa hapo, izime kabisa.

Kuna filamu chache zinazotoa picha nyeusi na nyeupe lakini zinasafishwa kwa dawa za rangi, ile njia inayoitwa C-41, na hizo zinaishia na wino badala ya fedha. Ilford XP2 Super ndo inayojulikana zaidi, na Kodak walikuwa na BW400CN mpaka walipoiacha mwaka 2014. Kwa hizo ICE inafanya kazi vizuri tu. Soma maandishi ya pembeni ya filamu, na kama huoni jina wala hujui ilisafishwaje, zima. Programu nyingine zina kuondoa vumbi kusikotumia infraredi, zinakisia tu kwamba kila kidoa kidogo ni vumbi, mimi hizo pia sizitumii kwenye nyeusi na nyeupe maana chembe za filamu ni vidoa vidogo na ile nukta ya mwanga ndani ya jicho la mtu ni kidoa kidogo.

Jambo la pili linalotokana na yale madini ni jinsi mwanga unavyotawanyika. Mwanga ukigonga chembe za fedha haupiti moja kwa moja, unarushwa pembeni. Kama taa yako inatoa mwanga ulionyooka, kila mwale ukielekea lenzi, basi ule uliorushwa pembeni unapotea, na sehemu nzito za negativu zinaonekana nzito kuliko zilivyo. Kama mwanga ni mlaini, unatoka pande zote, miale mingine iliyorushwa kutoka pembeni inaingia kufidia iliyopotea. Hii inaitwa athari ya Callier, kwa jina la mtafiti aliyeieleza mwaka 1909, na watu wa chumba cha giza wameishi nayo miaka yote kwenye enlaja zao, zile mashine za kukuza negativu kwenye karatasi. Kwako wewe maana yake ni hii, negativu moja ikiskaniwa na mashine mbili inaweza kutoka sura mbili: skana ya filamu yenye mwanga mnyoofu inatoa kontrasti kali, chembe ngumu, na kila mkwaruzo unajitokeza kama umechorwa kwa wembe, wakati paneli ya LED yenye plastiki nyeupe juu yake inatoa picha tulivu na mikwaruzo midogo inajificha. Kwahiyo kabla hujasema filamu yako ina chembe mbaya, angalia mwanga wako kwanza.

Halafu kuna namba za kwenye boksi. Utaona skana imeandikwa Dmax 4.0 kwa herufi kubwa, yaani densiti ya juu kabisa inayoweza kuisoma, kana kwamba bila hiyo huwezi kitu. Densiti ni kiasi filamu inavyozuia mwanga, na inahesabiwa kwa makumi: densiti 1 inapitisha sehemu moja ya kumi ya mwanga, densiti 2 sehemu moja ya mia, 3 moja ya elfu, 4 moja ya elfu kumi. Slaidi za rangi, zile filamu zinazotoa picha ya kawaida bila kugeuzwa, ndo zina sehemu nyeusi kweli za densiti 3 na zaidi, hizo zinahitaji mashine yenye macho. Negativu ya nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri, kutoka sehemu nyepesi mpaka nzito, mara nyingi haizidi 1.5 hivi juu ya plastiki tupu, kwahiyo karibu skana yoyote inaona mpaka mwisho wake. Kama unaskani nyeusi na nyeupe peke yake usiongeze hela kwa ajili ya hiyo namba.

Ila huo wepesi una upande wake wa pili na huu ndo unaoharibu skani nyingi kimyakimya. Kwa vile negativu haina tofauti kubwa ya mwanga, kwenye histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga umegawanyikaje kutoka nyeusi kushoto mpaka nyeupe kulia, inakaa kama kilima kidogo katikati, haijazi uwanja wote. Ukiskani kwa biti 8 una ngazi 256 tu kutoka nyeusi mpaka nyeupe, na kama kilima chako kimekaa kwenye theluthi moja ya uwanja, picha yako nzima ina ngazi kama 85. Sasa utakapoivuta ijaze uwanja ili ionekane picha, zile ngazi zinaachana, na anga ambalo lilikuwa linafifia taratibu linatoka na mistari kama ngazi za nyumba. Biti 16 inakupa ngazi 65,536, theluthi yake ni zaidi ya 21,000, unaivuta unavyotaka. Kwahiyo chagua biti 16 za kijivu, sio biti 8, na usiogope ukubwa wa faili.

Na wakati wa kuskani, iambie programu kwamba unaskani slaidi au pozitivu, sio negativu. Najua inasikika kinyume. Ukichagua negativu, programu inageuza picha na kuamua yenyewe wapi pawe peusi na wapi pawe peupe, na inaamua ukiwa huoni, halafu inatupa kilichobaki. Kumbuka kwenye negativu mambo yamepinduka: sehemu nyepesi zaidi, zile karibu na plastiki tupu, ndo vivuli vya picha, nywele, koti jeusi, chini ya mti. Kama skana imepandisha mwanga mpaka zile sehemu zikagonga ukutani upande wa kulia wa histogramu, zote zinakuwa nyeupe moja, ukigeuza zinakuwa nyeusi moja, na hakuna programu itakayorudisha kitu ambacho hakikurekodiwa. Ndo maana napenda kuacha nafasi kati ya fremu na fremu iingie kwenye skani. Ile ni plastiki tupu ambayo haikuona mwanga, hakuna kitu cheusi zaidi ya hapo kwenye picha yako, kwahiyo ikikaa karibu na ukuta wa kulia bila kuugusa unajua vivuli vyote viko salama. Acha pengo pande zote mbili. Faili litaonekana limepauka na baya, ndivyo linavyotakiwa kuwa, hiyo ni negativu yako ndani ya kompyuta, picha bado hujaitengeneza.

Kutengeneza picha ndo kugeuza, na hapa pia watu wanajikwaa kwa sababu wanadhani ni kubonyeza tu kitufe cha kugeuza rangi. Filamu inahesabu mwanga kwa kuzidisha, kila densiti 0.3 inakata mwanga nusu, kitufe cha kugeuza kinahesabu kwa kutoa. Ukitumia kitufe peke yake, hasa kwenye faili ghafi ambalo namba zake zinafuata mwanga wenyewe bila kurekebishwa kwa ajili ya jicho, sehemu angavu za picha zinabanana pamoja, mawingu na mashavu yanakuwa bapa bila umbo, wakati vivuli vinanyooshwa kuliko inavyopaswa. Dawa yake ni kavu, yaani zile curves zilizoko kwenye karibu kila programu ya picha, mstari unaoupinda kubadilisha mwanga wa picha. Geuza, sogeza nukta nyeusi mpaka pale plastiki tupu inapoanzia, sogeza nukta nyeupe mpaka karibu na sehemu angavu zaidi bila kuikata, halafu pinda mstari wa katikati mpaka nyuso zikae sawa. Kama hutaki kufanya kwa mkono, darktable ni ya bure na ina moduli inaitwa negadoctor inayofanya hesabu kwa kufuata densiti, wenye Lightroom wanatumia sana Negative Lab Pro, na GIMP kuanzia toleo 2.10 inafungua biti 16 bila shida. Mimi kwa nyeusi na nyeupe bado naona kavu ya mkono inatosha na inafundisha zaidi, maana unaona kila unachokifanya, na fremu mbili za rolo moja zinaweza kutaka kavu tofauti kabisa.

Resolusheni nayo ina fujo zake. Fremu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Ukiskani kwa dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi, unapata pikseli kama 3400 kwa 2270, karibu megapikseli 7.7. Kwa 4000 unapata 5670 kwa 3780, zaidi ya megapikseli 21. Sasa skana bapa, ile yenye kioo cha kulaza karatasi na taa kwenye mfuniko, zinaandikwa 4800 au 6400, na kweli faili litatoka na pikseli zote hizo, megapikseli kama 55 kwa 6400, lakini pikseli sio maelezo. Lenzi na fokasi yake haviwezi kutenganisha vitu vidogo kiasi hicho, na kinachopatikana kweli mara nyingi hakifiki hata nusu ya kilichoandikwa. Njia ya kujua ya kwako ni rahisi: chagua fremu yenye nywele au maandishi ya mbali, iskani 2400, 3200 na 4800, zote zikuze mpaka ziwe saizi moja kwenye skrini, pale ambapo namba imepanda ila nywele haikuongezeka ndo mwisho wa mashine yako. Kwa filamu ya 120, ile pana zaidi, fremu ya mraba yenye upande wa milimita 56 hivi, hata 2400 inakupa pikseli kama 5300 kila upande, ndo maana skana bapa inayoonekana dhaifu kwenye milimita 35 inapendeza sana kwenye 120.

Kuna kitu kimoja kinachoshangaza hapa, ukiskani kwa resolusheni ndogo chembe zinaweza kuonekana kubwa zaidi, sio ndogo. Chembe za kweli ni ndogo kuliko pikseli, pikseli inaokota kikundi cha chembe hapa na uwazi pale, na ile bahati nasibu inatengeneza chembe za uongo ambazo hazipo kwenye filamu. Ukiskani juu kidogo ya uwezo wa mashine halafu ukapunguza saizi kwenye kompyuta, zinatulia. Na zima kunoa kwa skana, maana kinachonolewa kwanza ni hizo chembe.

Skana bapa nyingi hazina fokasi ya kubadilisha, zinaona vizuri kwenye kimo kimoja tu juu ya kioo na kimo hicho sio lazima kiwe kile cha kishikio ulichopewa. Weka vipande vya karatasi chini ya kishikio, skani, ongeza, skani tena, tofauti ya nusu milimita inaonekana. Filamu iliyojikunja ilaze chini ya vitabu vizito siku kadhaa ikiwa ndani ya mfuko wake, kwa sababu filamu ambayo katikati imepanda na pembeni imeshuka haiwezi kuwa na fokasi kote. Ukiamua kuilaza moja kwa moja juu ya kioo utaona duara duara kama mafuta juu ya maji, hizo ni pete za Newton, zinatokea pale upande wa kung'aa wa filamu unapogusana na kioo laini. Geuza upande usiong'aa, wenye jelatini, uangalie kioo, halafu picha igeuze kushoto kulia kwenye kompyuta.

Siku hizi watu wengi wameacha skana wanapiga negativu kwa kamera, na kwa nyeusi na nyeupe mi naona ndo njia nzuri kuliko zote kama tayari una kamera. Unahitaji lenzi ya makro, stendi ya kushika kamera ikiangalia chini, na paneli ya LED. Kamera ya fulu fremu (sensa yake ina ukubwa wa fremu ya milimita 35) ya megapikseli 24 ikipiga fremu ya milimita 35 kwa kipimo cha 1:1, yaani picha inatua kwenye sensa kwa ukubwa uleule wa filamu, inakupa sawa na dpi 4200 hivi, tena za kweli kama lenzi ni nzuri. Sensa ndogo za APS-C hazihitaji hata kufika 1:1, kama 0.65 inatosha kuijaza. Piga RAW (faili ghafi la kamera), ISO ya chini kabisa, f/8 hivi, na taima ya sekunde 2 ili mkono usitikise. Kinachosumbua ni kamera kutokuwa sambamba na filamu, upande mmoja unakuwa mkali mwingine umefifia. Weka kioo kidogo cha kujitazama pale filamu itakapokaa, angalia kwenye kamera, sogeza mpaka lenzi ijione katikati kabisa ya picha, hapo iko sambamba.

Ziba kwa karatasi nyeusi paneli yote isipokuwa ile fremu, kwa sababu mwanga wa pembeni unaingia kwenye lenzi na kupausha vivuli vyote, na zima taa za chumbani. Usitumie shata ya kielektroniki kama paneli inapepesa, utapata mistari. Skrini ya simu au tableti inaweza kuwa taa ila usilaze filamu juu yake, pikseli zake zitaonekana ndani ya picha, inua filamu sentimita kadhaa na weka plastiki nyeupe ya maziwa katikati. Na kwa vile hakuna rangi unayohitaji, ukiwa kwenye programu jaribu kuchukua chaneli ya kijani peke yake: nusu ya vihisi vya sensa ya kawaida ni vya kijani na ndo chaneli yenye kelele kidogo.

Turudi kwenye vumbi sasa, maana ICE imezimwa na kazi ni yako. Shika filamu kwa kingo, vaa glavu za pamba, tumia pampu ya mkono ya kupuliza hewa na brashi laini, usipulize kwa mdomo kwa sababu tone la mate kwenye jelatini linaacha alama ya kudumu. Alama za vidole upande wa kung'aa zinaweza kutoka kwa isopropili ya asilimia 98 au zaidi, kidogo sana, kwenye kitambaa kisichoacha nyuzi, ila upande wa jelatini na filamu za zamani usizojua ni za nini ziache kavu. Kinachobaki utakifuta kwenye kompyuta ukiwa umekuza asilimia 100, kwa brashi ya kuponya juu ya leya yake, kona kwa kona. Inasaidia kujua unachokiona: vumbi limezuia mwanga kwahiyo likigeuzwa ni kidoa cheupe, mkwaruzo wa upande wa plastiki unatawanya mwanga nao unatoka mweupe, lakini mkwaruzo uliokwangua jelatini umeondoa fedha yenyewe, mwanga umepita wote, huo unatoka mweusi, na ndo mgumu kuutengeneza kwa sababu hapo picha haipo tena.

Kama boksi lako ni la zamani, linuse kabla hujapanga kitu. Harufu ya siki maana yake plastiki ya asetati imeanza kuoza, inatoa asidi, asidi inaharakisha kuoza zaidi, baadaye plastiki inasinyaa na jelatini inajikunja juu yake kama ngozi iliyolegea. Baridi inaichelewesha ila hakuna kinachoirudisha nyuma, kwahiyo hizo ndo za kwanza kuskani hata kama picha zake sio unazozipenda zaidi, na zitenge na nyingine. Filamu za kabla ya miaka ya 1950 zinaweza kuwa za nitrati, ambayo inashika moto kwa urahisi na ikishika hata maji hayaizimi vizuri. Ukiona neno SAFETY pembeni uko sawa, ukiona NITRATE usiiweke juu ya paneli inayopata moto wala usiihifadhi ndani na nyingine, tafuta watu wa nyaraka au makumbusho wakuelekeze.

Rolo ya fremu 36 kwa TIFF (aina ya faili la picha lisilopoteza kitu) ya biti 16 kwenye dpi 4000 ni kama megabaiti 43 kwa fremu, zaidi ya gigabaiti moja na nusu kwa rolo, na muda wako wa kufuta vumbi ni mwingi kuliko hizo gigabaiti. Kwahiyo mimi siskani rolo nzima kwa nguvu zote. Naweka ukanda juu ya paneli, nawasha kwenye simu ile setingi ya kugeuza rangi za skrini, nafungua kamera ya simu na negativu zinaonekana pozitivu hapohapo, natembea nazo fremu moja moja. Zile 4 au 5 zinazonisimamisha ndo zinapata biti 16, karatasi nyeusi pembeni na saa nzima ya brashi, TIFF ile iliyopauka naihifadhi bila kuigusa sehemu mbili tofauti, kavu na kunoa nafanya kwenye nakala. Nyingine zinapata skani ndogo ya kumbukumbu yenye namba ya rolo na ya fremu, halafu filamu zote zinarudi kwenye mifuko ya karatasi isiyo na asidi au ya polipropilini, sio ile laini ya PVC inayonata, mahali pakavu pasipo joto.